UZI: Kusakinisha PyTorch kwenye Windows, Mac, Linux na hata simu. Kwa nini pip inakataa, na namna ya kuielewa

Tarakilishi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimeona nifungue uzi mmoja wa kudumu, maana maswali ya jambo hili hayaishi humu. Mtu amepata kozi ya ujifunzaji wa mashine, ana hamu, ana bando lake la mwezi. Anafungua dirisha la amri, anaandika `pip install torch`, yaani anaiambia pip (programu ya kupakua na kusakinisha pakeji za Python) imletee PyTorch, maktaba ya kufundishia modeli, na kompyuta inamjibu:

`ERROR: Could not find a version that satisfies the requirement torch (from versions: none)`
`ERROR: No matching distribution found for torch`

Anakuja kuuliza, anaambiwa "sasisha pip". Anasasisha, jibu ni lile lile. Mwingine anamwambia futa Python uweke upya. Anafuta, anaweka, bando linakata, jibu ni lile lile. Baada ya hapo humuoni tena kwenye mada hizi. Linaniuma kwa kweli. Tunapoteza watu wazuri kabla hawajaandika mstari hata mmoja wa modeli, na wanaondoka wakiamini kwamba wao ndio hawana kichwa cha kazi hii.

Nataka kila atakayepita hapa aweze kuusoma ujumbe huo mwenyewe. Pip haisemi kwamba torch haipo. Inasema haijaona torch inayoifaa kompyuta yako. Basi tuanzie kwenye hiyo "inayofaa".

Torch si faili moja. Kila toleo hutolewa likiwa mafaili mengi yanayoishia na `.whl`, na kila faili limejengwa kwa ajili ya kompyuta ya aina fulani. Tazameni haya ya toleo 2.2.2:

`torch-2.2.2-cp310-cp310-win_amd64.whl`
`torch-2.2.2-cp310-cp310-manylinux1_x86_64.whl`
`torch-2.2.2-cp310-none-macosx_11_0_arm64.whl`

Yasomeni kipande kwa kipande. `cp310` ni Python 3.10, ukiwa na 3.11 unahitaji `cp311`, hakuna kuazimana. Kipande cha mwisho kinataja mfumo endeshi na aina ya prosesa. `win_amd64` ni Windows ya biti 64, na msibabaishwe na hilo neno amd, prosesa za Intel zimo humo humo. `manylinux` ni Linux za kawaida kama Ubuntu, Debian na Fedora. `macosx_11_0_arm64` ni Mac zenye prosesa za Apple zenyewe, kuanzia macOS 11. Ni sawa na kutafuta spea ya gari: ukifika dukani ukasema "Toyota" tu, muuzaji atakuuliza modeli gani, ya mwaka gani, injini gani. Pip inalinganisha vipande hivyo na kompyuta yako, na lisipopatikana faili hata moja linalooana, unaletewa hiyo "none".

Kwa hiyo kabla ya amri nyingine yoyote, endesha hii:

`python -c "import sys, platform, struct; print(sys.version); print(platform.system(), platform.machine()); print(struct.calcsize('P')*8)"`

Utapata toleo la Python, mfumo endeshi na prosesa, na mwishoni namba 64 au 32. Ukija kuomba msaada kwenye uzi huu, anza kwa kubandika majibu hayo. Robo tatu ya matatizo yanaonekana hapo hapo.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ni Python mpya mno. Tangu toleo 3.9 la mwaka 2020, Python mpya hutoka kila Oktoba, na pakeji kubwa huchukua muda kuifikia. Python 3.12 ilitoka Oktoba 2023. PyTorch iliipokea kwenye toleo 2.2 la Januari 2024, na TensorFlow, maktaba nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwenye 2.16 la Machi 2024. Katika miezi hiyo yote, aliyekwenda tovuti ya Python akabonyeza kitufe kikubwa cha kupakua alipata Python nzuri kabisa isiyokuwa na torch yake. Ushauri wangu ni ule ule kila mwaka: rudi nyuma toleo moja au mawili.

Na hapo kuna kitu kinawachanganya watu wa Windows. Python ya zamani kidogo ikifika hatua ya kupewa marekebisho ya usalama pekee, haitolewi tena na faili la kusakinishia. Kwa 3.11 la mwisho lenye `.exe` ni 3.11.9, kwa 3.10 ni 3.10.11. Ukifungua ukurasa wa 3.11.10 hutaona cha kupakua kwa Windows. Hujapotea, shuka chini hadi 3.11.9.

Jambo dogo la mwisho kwa leo: pakeji inaitwa `torch`, si `pytorch`. Na ile maktaba nyingine ya ujifunzaji wa mashine inaitwa `scikit-learn`, si `sklearn`, hata kama ndani ya kodi unaandika `import sklearn`.

Nitaendelea na kila mfumo kadiri maswali yanavyokuja.

Ngalawa

Mkuu asante kwa uzi. Nimeendesha ile amri, imeniletea Python 3.11.9, Windows AMD64, halafu chini kabisa 32. Sasa mashine yangu ni ya biti 64, nimehakikisha kwenye mipangilio. Hiyo 32 imetoka wapi?

Tarakilishi

@Ngalawa hapo ndipo penye tatizo lako, na ndiyo maana niliiweka ile namba ya mwisho. Mashine ni ya 64, Windows ni ya 64, lakini Python uliyoweka ni ya 32. Windows inakubali kuendesha programu ya 32 bila kulalamika, kwa hiyo huoni kasoro yoyote mpaka siku ya torch. PyTorch haitoi mafaili ya Windows ya biti 32, na TensorFlow vilevile.

Andika `py -0` uone Python zote zilizomo. Hiyo ya 32 itaonekana na `-32` mwishoni. Pakua ile iliyoandikwa "Windows installer (64-bit)", iweke, kisha utengeneze mazingira yake (venv, yaani folda yenye Python na pakeji zake peke yake):

`py -3.11 -m venv C:\ml\mazoezi`
`C:\ml\mazoezi\Scripts\activate`
`python -m pip install torch`

Nimekuwekea folda karibu na mzizi wa C makusudi. Windows kwa kawaida inakomea herufi 260 kwenye njia ya faili, na ndani ya torch kuna folda zilizopangana kwenda chini sana. Ukiweka mradi ndani ya Desktop, ndani ya OneDrive, ndani ya folda ya semesta, usakinishaji unakatika katikati na ujumbe unaotaja "Long Path support". Kikomo hicho kinaweza kuondolewa kwenye mipangilio ya Windows, lakini kwenye kompyuta ya chuo au ya ofisi huna ruhusa hiyo. Folda fupi haihitaji ruhusa ya mtu.

Ukitumia PowerShell ikakukatalia `activate` kwa maneno "running scripts is disabled on this system", usihangaike. Ama fungua cmd ya kawaida, ama usiwashe mazingira kabisa, iite Python yake moja kwa moja:

`C:\ml\mazoezi\Scripts\python -m pip install torch`

Matokeo ni yale yale.

Kiboko_ya_Ziwa

Mimi ilikubali kuingia vizuri tu, lakini nikiandika `import torch` inaniletea `OSError: [WinError 126] The specified module could not be found`. Nimefuta na kurudisha mara kadhaa. Halafu swali la pili: nina kadi ya NVIDIA, na kwa rafiki yangu mwenye kadi kama yangu `torch.cuda.is_available()` inatoa True. Yeye anatumia Ubuntu.

Tarakilishi

@Kiboko_ya_Ziwa la kwanza: torch imekamilika, iliyopungua ni Windows. Maktaba za torch zinategemea Microsoft Visual C++ Redistributable, na Windows iliyowekwa upya mara nyingi haina. Pakua ile ya x64 kutoka Microsoft, iweke, uwashe kompyuta upya. Usifute torch tena, unajichosha na unamaliza bando.

La pili lina maelezo marefu kidogo, na wengi wanaumia hapa bila kujua sababu. Amri ni ile ile, lakini kila mfumo unaletewa kitu tofauti. Ukiandika `pip install torch` kwenye Linux, unapewa torch yenye CUDA ndani yake, yaani programu za NVIDIA zinazoiwezesha torch kutumia kadi. Ukiandika hivyo hivyo kwenye Windows, unapewa ya CPU tupu, yaani inayotumia prosesa pekee. Wewe na rafiki yako mmeandika neno moja, mmepata pakeji mbili tofauti.

Angalia:

`python -c "import torch; print(torch.__version__, torch.version.cuda)"`

Ukiona `+cpu` na `None`, jibu ndilo hilo. Itoe kwa `pip uninstall torch`, kisha uchukue kwenye ghala la PyTorch lenyewe:

`pip install torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cu121`

Hiyo `cu121` ni CUDA 12.1, na mwisho huo hubadilika kadiri matoleo yanavyokwenda. Kwenye tovuti ya PyTorch kuna jedwali: unachagua mfumo na CUDA, linakutengenezea amri. Kopi kutoka pale, usikopi kutoka video ya miaka mitatu iliyopita.

Na tafadhali msipakue CUDA Toolkit kwa ajili ya PyTorch. Faili la torch lenye CUDA linakuja na maktaba zake. Unachohitaji kwenye mashine ni draiva ya NVIDIA iliyo ya kisasa vya kutosha, basi. Andika `nvidia-smi`, ile "CUDA Version" iliyo juu kulia ni kiwango cha juu ambacho draiva yako inaweza kubeba, haisemi kwamba umeweka CUDA. Ikisoma 12.4, torch ya cu121 itafanya kazi.

Mchwa_Mtulivu

Na TensorFlow je? Kozi yetu inatumia TensorFlow, GPU (kadi ya michoro) haionekani kabisa kwenye Windows 11.

Tarakilishi

Kwa TensorFlow njia ni nyembamba zaidi. Toleo 2.10, la Septemba 2022, ndilo la mwisho kutumia GPU ndani ya Windows yenyewe. Kuanzia 2.11 inabidi upitie WSL2, yaani Linux inayoishi ndani ya Windows. Unaweza kung'ang'ania 2.10, lakini itakudai Python isiyozidi 3.10, CUDA 11.2 na cuDNN 8.1 (maktaba ya NVIDIA ya mitandao ya neva), vyote uweke kwa mkono. Nimewaona watu wakikesha kwenye hilo, na wakishamaliza wanabaki na toleo lililosimama mahali pamoja.

Nenda WSL2. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika `wsl --install`, washa upya, utapata Ubuntu. Draiva ya NVIDIA weka upande wa Windows tu. Ukiweka draiva nyingine ndani ya Ubuntu hiyo utaharibu. Kisha ndani ya venv:

`pip install "tensorflow[and-cuda]"`

Kazi zako weka ndani ya folda ya nyumbani ya Linux, si kwenye `/mnt/c`, ambako Linux hiyo inaiona diski C ya Windows. Kusoma mafaili mengi madogo kupitia `/mnt/c` ni pole pole mno, na mtu mwenye picha elfu kadhaa za mazoezi anadhani GPU yake ni mbovu.

Karafuu

Habari zenu. Mimi niko Mombasa, natumia MacBook Air ya M2. Nimeendesha ile amri ya mwanzo nikapata `Darwin x86_64`. Si umesema Mac za Apple ni arm64? Torch ilikubali kuingia, ila ni toleo la 2.2.2, na mwalimu anatumia kipya zaidi.

Tarakilishi

@Karafuu dada, umeleta mfano mzuri sana.

Prosesa yako ni arm64, lakini Python yako ilijengwa kwa ajili ya Mac za Intel na inaendeshwa kupitia Rosetta, mkalimani aliyewekwa na Apple zilipoanza kutoka M1 mwishoni mwa 2020. Mara nyingi hutokea mtu akihamisha vitu vyote kutoka Mac yake ya zamani: Python ya Intel, Homebrew ya Intel, vyote vinahamia, na vinafanya kazi bila kelele. Pip ikiulizwa inaamini iko kwenye Intel. Na PyTorch iliacha kutoa mafaili ya Mac za Intel baada ya 2.2, kwa hiyo ndiyo unaletewa hiyo 2.2.2 na kuishia hapo.

Tazama kwanza kama terminali yenyewe imewekewa alama ya "Open using Rosetta" kwenye maelezo yake, uitoe. Kisha weka Python mpya kutoka tovuti ya Python, ambayo siku hizi ni faili moja linalobeba aina zote mbili, au Homebrew ya Apple Silicon, inayokaa `/opt/homebrew`. Ile ya `/usr/local` ni ya Intel. Tengeneza venv mpya, rudia ile amri, ukiona `arm64` endelea.

Ukishapata torch sahihi, GPU ya Mac unaiuliza hivi:

`python -c "import torch; print(torch.backends.mps.is_available())"`

Hakuna CUDA kwenye Mac hizi, kwa hiyo `torch.cuda` itasema False siku zote. Kwenye kodi ya mwalimu, penye `"cuda"` wewe weka `"mps"`.

Moja zaidi kwa watu wa Mac: terminali yenu inatumia zsh, na zsh inazisoma mabano ya mraba kwa namna yake. `pip install transformers[torch]` itakujibu "no matches found". Zungushia alama za nukuu: `pip install "transformers[torch]"`. Na mkiweka XGBoost ikilalamikia OpenMP, ni `brew install libomp`.

Mwamba_wa_Bara

Na sisi wenye Mac za Intel tufanyeje? Mashine yangu bado nzima, sina mpango wa kununua nyingine.

Tarakilishi

Hiyo 2.2.2 inafundisha vizuri tu, mkuu. Weka Python 3.10 au 3.11, kisha `pip install torch==2.2.2 "numpy<2"`. Hiyo numpy usiisahau, kwa sababu torch ya wakati huo ilijengwa kabla ya NumPy 2 ya Juni 2024. Kwa kazi nzito zaidi, weka Linux kwenye mashine hiyo hiyo, kwa sababu mafaili ya Linux ya x86_64 bado yanatoka.

MsafiriWaReli

Ubuntu 24.04 hapa. Kila nikiandika pip inasema `error: externally-managed-environment`. Nimeambiwa niongeze `--break-system-packages` na kweli inakubali. Nimefanya kosa?

Nondo

Hakuna kosa lolote mkuu. Mimi natumia hiyo siku zote na mashine inadunda. Hizo venv ni kujipa kazi.

Tarakilishi

@Nondo nakuheshimu ila hapa napingana nawe, na nitasema kwa nini.

Python iliyokuja na Ubuntu si ya kwako, ni ya Ubuntu yenyewe. Programu kadhaa za mfumo zimeandikwa kwa Python hiyo na zinategemea maktaba za toleo maalumu. Ukileta pakeji kwa pip juu ya zile za apt (kisakinishi cha Ubuntu yenyewe), siku moja sasisho la mfumo linakuta maktaba ambayo halikuitarajia, na kinachokwama kinaweza kuwa kitu ambacho hukukihusisha kabisa na torch. Ndiyo maana Debian 12 na Ubuntu za kuanzia 23.04 zimeweka kizuizi hicho. Jina la hiyo swichi linasema wazi inachofanya.

Kwako wewe fundi unayejua kurudisha mfumo, sawa. Lakini anayesoma hapa leo ni mtu ambaye kompyuta yake ndiyo hiyo moja, na ripoti ya mwisho wa mwaka imo humo.

@MsafiriWaReli fanya hivi:

`sudo apt install python3-venv`
`python3 -m venv ~/ml`
`source ~/ml/bin/activate`
`pip install torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu`

Ule mstari wa kwanza ni lazima, kwani Ubuntu haiji na venv kamili. Na ule wa mwisho, kama huna kadi ya NVIDIA, ni muhimu kuliko yote kwa mtu anayelipia bando. Nilisema Linux inaletewa torch yenye CUDA hata kama mashine haina GPU. Kwa toleo 2.2, torch yenyewe ilikuwa MB 755, cuDNN MB 731, cuBLAS MB 410, na nyingine nyuma yake. Jumla inavuka GB 2. Ya CPU ni kama MB 200. Mtu anamaliza bando la wiki kupakua maktaba za kadi ambayo hana.

Nondo

Hapo kwenye ukubwa nakubali, sikuwahi kuangalia. Swali langu: sisi tuko lab, mashine ishirini, intaneti ni ya kugombea. Nimejaribu kunakili folda ya venv kwenye flashi kwenda mashine nyingine, haikufanya kazi.

Tarakilishi

Haiwezi, kwa sababu venv inaandika ndani yake njia kamili ya mahali ilipozaliwa na Python iliyoizaa. Ukiihamisha inatafuta vitu visivyokuwepo. Kinachohama ni mafaili ya `.whl`.

Kwenye mashine moja yenye intaneti:

`pip download torch torchvision --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu -d mzigo`
`pip download scikit-learn matplotlib -d mzigo`

Nakili folda `mzigo` kwenye flashi. Kwenye kila mashine, ndani ya venv yake, bila intaneti:

`pip install --no-index --find-links mzigo torch torchvision scikit-learn matplotlib`

Inamaliza kwa dakika chache, na megabaiti zimelipiwa mara moja.

Sharti ni kwamba mashine ya kupakulia iwe na mfumo endeshi ule ule na Python ile ile ya mashine zinazopelekewa. Pip ina swichi ya `--platform` ya kukupakulia mafaili ya mfumo mwingine, lakini kwa torch inachanganya: masharti ya "hii ni ya Linux tu" inayapima kwa mashine unayopakulia. Ukiwa Linux ukaomba mzigo wa Windows kutoka ghala la kawaida, itahangaika kutafuta maktaba za NVIDIA zisizohitajika kule. Tafuta Windows moja, pakulia hapo.

Mtandao ukiwa wa kukatika katika, chukua faili lenyewe kwa `wget -c` kutoka `download.pytorch.org/whl/cpu/torch/`. Hiyo `-c` inaendelea pale ilipokatikia. Kisha `pip install ./` ikifuatiwa na jina la faili. Jina lake lisiguswe kabisa. Kivinjari kikiongeza "(1)" kwa sababu ulishapakua kabla, pip italikataa na kusema si jina halali, maana taarifa zote inazozihitaji zimo kwenye jina hilo.

Na msitumie `--no-cache-dir` kwa mazoea. Pip huhifadhi ilichokwisha kupakua, kwa hiyo venv ya pili haitumii bando tena. Swichi hiyo ina kazi moja ya maana: mashine yenye RAM ndogo ambayo usakinishaji unakufa na neno "Killed".

Ngalawa

Imekubali mkuu. `2.2.2+cpu`, 64. Nimeanza somo la kwanza la tensa.

Jiwe_la_Pwani

Kuna sisi ambao hatuna kompyuta kabisa. Simu ya Android yenye Termux, inawezekana?

Tarakilishi

@Jiwe_la_Pwani inawezekana, na nafurahi umeuliza, maana wanafunzi wengi wako kwenye hali hiyo na hawasemi.

Ukiandika `pip install torch` ndani ya Termux tupu, utapata ile "none". Android inatumia kiini cha Linux, lakini maktaba yake ya msingi ya C ni nyingine, kwa hiyo mafaili ya `manylinux` hayaifai. Njia ni kuweka Debian au Ubuntu ndani ya Termux:

`pkg install proot-distro`
`proot-distro install debian`
`proot-distro login debian`

Ukishaingia, uko ndani ya Debian ya `aarch64`, na torch ina mafaili ya `manylinux` ya aarch64. Endelea kama nilivyomwambia MsafiriWaReli, `apt install python3-venv` na mengineyo. Simu iwe ya biti 64 na iwe na GB kadhaa za nafasi. `uname -m` ikikuletea `armv7l` au `armv8l`, torch haitakubali.

Ila nikushauri kama ndugu: kwenye simu anza na scikit-learn. Ni ndogo mno ukilinganisha na torch, na mambo ya msingi yote, kugawa data, kufundisha, kupima, kuona modeli ikikariri badala ya kujifunza, utayaelewa humo. Modeli kubwa fundishia kwenye Google Colab kupitia kivinjari, kule torch imeshawekwa tayari.

Kunguru_wa_Soko

Mimi yangu haitoi maelezo. Desktop ya zamani ya ofisi, Linux Mint, TensorFlow imeingia vizuri, nikiandika `import tensorflow` inasema "Illegal instruction" na kufunga. Basi.

Tarakilishi

Prosesa yako haina AVX, seti ya amri za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja. Tangu toleo 1.6 la mwaka 2018, mafaili rasmi ya TensorFlow yanatumia amri za AVX, na prosesa za kabla ya 2011, pamoja na Celeron na Pentium kadhaa za baadaye, hazina amri hizo. Hakikisha:

`grep -o -m1 avx /proc/cpuinfo`

Isipoandika kitu, ndiyo hivyo. Jina la `.whl` halitaji AVX, kwa hiyo pip haiwezi kukuonya mapema. Jaribu torch ya CPU, au baki na scikit-learn, ambayo haina sharti hilo.

Karafuu

Nimerudi. `arm64`, mps True, nashukuru sana. Sasa kodi ya mwalimu inanipa onyo refu jekundu: "A module that was compiled using NumPy 1.x cannot be run in NumPy 2". Sio torch, ni pakeji nyingine anayotumia.

Tarakilishi

Hongera dada. Hiyo pakeji ilijengwa enzi za NumPy 1 na haijatolewa upya. Ndani ya venv hiyo hiyo:

`pip install "numpy<2"`

Kisha uendeshe `pip check` kuona kama kuna pakeji nyingine iliyohitaji NumPy 2. Ikiwepo, itengenezee kodi ya mwalimu venv yake peke yake. Ikikaa sawa, andika `pip freeze > requirements.txt` na umtumie mwalimu faili hilo, ili darasa zima liwe na matoleo yale yale.